Nyumba Iliyokunywa Ziwa

Firmin Nzeyimana wa Lubarika alikuwa fundi wa kujenga, lakini miaka ile ya mwisho watu hawakumwita kujenga. Walimwita kuangalia. Mtu akitaka nyumba Uvira, au Luvungi, au hata Kiliba kule karibu na kiwanda cha sukari, aliambiwa: usitoe kitu chochote kabla Firmin hajaingia ndani na kuvua viatu. Kwa maana alianza hapo, kwenye viatu. Alisema mguu uliovaa kiatu ni kiziwi.

Kazi hiyo hakuitafuta, ilimtafuta yeye. Ujana wake wote alijenga na mapadri, akawajengea Wazungu wa pamba, akajua kuchoma matofali na kupima ukuta kwa kamba yenye jiwe. Uhuru ulipokuja, Wazungu wakaondoka na kujenga kukasimama. Halafu ziwa likaanza kupanda, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kama mgeni anayesogeza kiti chake. Halafu mwaka wa sitini na nne wakaja waasi walioitwa Simba, na baada yao askari wa serikali, na kila waliofika waliwakuta wengi wa watu wa Uvira hawapo. Wengine walivuka kwenda Burundi, wengine walipanda milimani, wengine walilala kwenye matete ya mto Ruzizi na mbu wao. Waliporudi, nyumba zilikuwa zimebaki bila wenyewe, au wenyewe wamebaki bila hamu nazo. Zikaanza kubadilisha mikono. Na chokaa wakati ule ilipatikana kuliko chumvi. Kila nyumba ilipakwa nyeupe.

"Chokaa ni sawa na pudri," Firmin aliniambia siku moja nilipopita kwao. "Inafunika uso, haiuoshi."

Katika nyumba kumi, nane alisema zisinunuliwe. Hakuna aliyemshukuru. Anayeuza alimchukia, hilo linaeleweka, lakini anayenunua naye alimchukia, kwa sababu moyoni alikuwa amekwisha kuweka kitanda chake na kutundika picha ya Bikira Maria. "Muntu anakuita umuambie ndiyo," alisema. "Ukimuambia hapana, anaona ni weye ulitoboa bati."

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa mgongo, huo mtu hulala ukaisha. Mke wake alifariki wakati wa kukimbia. Nyumba yake mwenyewe pale Lubarika ilichomwa, na yeye anayejua nyumba kuliko wote alikuwa akilala katika ghala ya pamba ya kaka yake. Mara mbili alianza kukanyaga udongo afyatue matofali yake, mara mbili akaacha. Jioni alikwenda walipo wenzake, akainama juu ya kibuyu cha kasikisi, ile pombe ya ndizi, akavuta mrija ulipomfikia, akampa wa pili wake. Hapo ndipo palikuwa nyumbani kwake.

Mwezi wa nane wa mwaka wa sitini na sita, mwanamke mmoja alimfuata Lubarika. Alikuwa mrefu, ameshika fimbo ya kuchungia kama mwanaume. Aliitwa Mukarusanga, mtu wa Mulenge, wa kule juu ambako nyasi ni baridi. Mwaka uliotangulia vita vilipanda mpaka kwao, na mume wake, Rugema, aliuawa pamoja na ng'ombe wengi wa zizi lake. Alikuwa ameshuka na mama mkwe wake na ng'ombe waliobaki.

"Ni weye Firmin anayegonga nyumba?"

"Ni minye. Kaa, mama. Kunywa maji kwanza."

"Maji nitakunywa. Kuna nyumba kule Uvira, mtaa wa Songo, chini, kuelekea ziwa. Mwenyewe ni Libérat Nshimirimana. Anaitaka kwa ng'ombe tatu."

"Na weye uko na ngapi?"

"Tatu."

Firmin akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi amezihesabu kwanza, ndipo akataja bei."

"Azihesabu. Ng'ombe zangu hazijui joto ya huku, kupe wamekwisha kuanza masikioni. Mwezi huu ukiisha bado niko nazo, nitauza ngozi." Akanywa maji, akafuta mdomo. "Mama mukwe wangu hawezi kutembea mbali tena. Amesema pale nitakapomuweka sasa, hatoki. Kwa hiyo nina nyumba moja tu ya kununua katika maisha yangu. Nikikosea, sina ng'ombe wa kukosea mara ya pili."

"Nitakuja."

"Kuna kitu kingine. Libérat anasema nyumba haiuzwi bila pombe. Sisi ni watu wa kanisa, hatuigusi. Nilimuuliza mchungaji wangu nifanye nini. Akaniambia, tafuta Mukatoliki akunywe kwa fasi yako."

Hapo Firmin alicheka kweli, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mchungaji wako anatujua!"

"Basi utakuwa kinywa changu. Lakini sikiliza. Unaangalia kwanza. Kama iko muzuri, unakunywa. Kama iko mubaya, tunaondoka na kiu yetu."

"Nimesikia."

"Umesikia vizuri?"

"Mama, nimesikia. Macho mbele, kinywa nyuma."

Wakaagana wakutane Songo siku ya nne, adhuhuri.

Lazima nieleze hapa jambo la pombe, kwa ajili ya mtu asiyekaa na Warundi wa bonde la Ruzizi. Kuna pombe ya mgeni, na kuna pombe ya kitu. Ya mgeni ina mrija mmoja katika kibuyu, unapita kutoka mkono hadi mkono, haina deni wala neno. Ya kitu, ikiwa ng'ombe au shamba au nyumba, ina mirija miwili. Mwenye kitu na mwenye kukitaka wanainama pamoja, wanavuta pamoja, majirani wanatazama. Wakiinua vichwa, biashara imekwisha. Na kinywa kilichokunywa hakisemi tena ubaya wa kile kitu. Atakayesema, hafungwi na hapigwi. Anapewa kikombe chake peke yake. Mpaka kufa kwake hakuna atakayevuta mrija pamoja naye.

Firmin aliyajua haya tangu tumboni mwa mama yake. Lakini siku ya nne alipanda lori la pamba lililomtupa Kiliba, na kutoka Kiliba mpaka Songo alikwenda kwa miguu, jua la mwezi wa nane likimpiga utosini na vumbi likimkaa kooni. Alifika mapema. Mukarusanga hakuwa amefika. Libérat alikuwepo, naye alijua ni nani anayekuja kuwa kinywa cha mwanamke; mtu mnene kidogo, mpole, mwenye kanzu safi ya kizambarau, akamlaki kwa Kirundi kama mtu aliyempata ndugu yake.

"Mutoto wa kwetu! Barabara imekula miguu yako yote! Kaa hapa kwenye kivuli. Usiseme kitu, upumue."

Pembeni palikuwa na jirani, Generose, mama mwenye sauti kubwa aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, za kukausha, na wanaume wawili wa mtaa. Firmin aliwasalimu. Kibuyu kilikuwa kimewekwa mbele ya mkeka, kimefunikwa jani, na mrija mmoja umesimama ndani yake. Aliuona mmoja. Aliapa mpaka mwisho kwamba aliona mmoja. Akafumba macho, akainama, akavuta.

Kasikisi ile ilikuwa nzuri, Generose mwenyewe aliniambia, maana ni yeye aliyeipika. Firmin alivuta kama mchanga unavyovuta maji. Halafu kitu kikagusa paji la uso wake. Akafumbua macho. Lilikuwa paji la uso la Libérat. Na katika kibuyu kilekile, ubavuni mwa mrija wake, ulikuwepo mrija wa pili.

"Nyumba imenywewa!" Generose akaimba, na wale wanaume wawili wakapiga makofi.

Firmin akabaki ameinama. Alisema baadaye kwamba alitaka kuendelea kuinama vilevile mpaka watu wote waende zao.

Mukarusanga akafika wakati makofi bado yako hewani. Alikuwa akimshika mkono mama mkwe wake, Nyirabahizi, kikongwe mwepesi kama kuku, na nyuma yao ng'ombe watatu wamefungwa kamba moja. Akamkalisha mama mkwe kwenye mkeka. Akamtazama Firmin.

"Umekwisha kuangalia?"

"Bado, mama."

"Na kinachonuka kinywani mwako ni nini?"

Generose alijifanya kupanga kitambaa chake cha kichwani.

"Nilikuwa na kiu," Firmin akasema. "Nilikuwa na kiu, sikuona."

Nilipoelezwa sehemu hii nilidhani mwanamke alipiga kelele. Hakupiga. Alitoa kupe mmoja sikioni mwa ng'ombe, akamponda kwa ukucha. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe mzigo wake:

"Basi ingia uangalie. Nijue nimenunua nini."

Firmin akavua viatu.

Kwanza alifunga mlango na madirisha yote, akasimama katikati ya giza, akatazama juu. Kama manjanja, yale mabati ya paa, ni mazima, giza linabaki giza. Humu mwanga uliingia kwa vitundu vidogo vya duara, zaidi ya ishirini, na vingine vimezibwa kwa matone ya gudroni, ile lami nyeusi.

"Ni risasi," alisema.

"Za kupitisha hewa," Libérat akasema kutoka mlangoni. "Songo iko joto sana."

"Hewa yako ilitoka kwa askari gani?"

"Aka! Walipita wengi, ndugu yangu. Kila mmoja aliacha yake kidogo."

Hata Firmin alitabasamu. Bati lililotobolewa si kitu, linazibwa. Alifungua madirisha akaanza kutembea, chumba cha kwanza, cha pili, polepole, kisigino kwanza halafu vidole. Chumba cha nyuma akasimama. Ilikuwa saa saba ya mchana, ua wote umewaka, mbwa hawezi kulala juu ya mchanga. Sakafu ya chumba kile ilikuwa baridi chini ya wayo wake kama kisima.

Akaomba kikombe cha maji. Akakimimina pembeni ya ukuta, akachuchumaa. Maji hayakukaa. Yalikwenda yenyewe, yakanyooka kama yanayojua njia, mpaka kona ya upande wa ziwa, na pale yakaingia chini ya ukuta, yakapotea.

Halafu akaangalia gudroni. Wazungu wote walizipaka nyumba zao gudroni chini, ukanda mweusi unaofika goti, ili matone ya mvua yakirudi kutoka ardhini yasichafue chokaa. Watu wa Uvira walipenda kuiga, waliona ni uzuri. Lakini ukanda wa Libérat ulifika kiunoni. Na tena ulizunguka ndani ya vyumba kama ulivyozunguka nje.

"Sababu gani umepaka ndani?" Firmin akauliza.

"Ni mtindo."

"Ndani hakunyeshi mvua, Libérat."

"Nimesema ni mtindo."

Firmin akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Juu, penye chokaa, ukuta ulijibu tofali kavu linavyojibu. Akashuka akagonga penye weusi. Haukujibu. Akabonyeza kwa dole gumba, na gudroni ikabonyea kama ngozi ya jipu, na nyuma yake palikuwa laini. Alibonyeza huku na huku. Kote ni vilevile. Matofali mabichi ya ukuta ule, kuanzia msingi mpaka kiunoni, yalikuwa yamerudi kuwa udongo, na kilichoyazuia yasimwagike kilikuwa ngozi ile nyeusi.

Mwisho alikwenda kwenye mlango wa nyuma, akashika ubao wa fremu pale chini, akauvuta. Ulitoka bila kelele, umeoza. Akaingiza vidole katika nafasi ile, akatoa matope makavu kidogo, na ndani ya matope konokono wawili, wale wadogo wenye ncha wanaoishi kwenye mawe ya ziwa. Wafu, weupe.

Akawaweka kiganjani, akafunga mkono. Sasa alijua. Mwaka wa sitini na nne, watu wakiwa Burundi na milimani na kwenye matete, ziwa lilipanda likaingia nyumba hii, likakaa. Si siku moja. Konokono hahamii nyumba kwa siku moja. Lilikaa miezi, na hakuna mwenye nyumba aliyekuwepo kuona, na liliporudi nyuma liliacha mstari kiunoni mwa ukuta. Libérat aliporudi akaufunika mstari.

Lakini kuna waliokuwepo. Generose hakukimbia. Katika wale wanaume wawili, mmoja hakukimbia. Firmin alitoka nje akawatazama, na wao wakatazama chini, kila mmoja mguu wake. Akaelewa. Kibuyu kile hakikuanza leo. Libérat alikuwa amewanywesha majirani wa safu nzima, mmoja mmoja, na mirija miwili kila mara, si wanunue bali wafunge vinywa. Kila aliyeona maji hakuwa na kinywa tena.

Akakaa kwenye kizingiti. Libérat akaja akachuchumaa karibu naye, akasema taratibu, si kwa ubaya:

"Umekunywa, Firmin."

"Ninajua."

"Muambie iko sawa. Si uongo sana. Bado inasimama."

"Imesimama sababu bado ni kiangazi."

"Firmin, unanijua? Minye nilikuwa Bujumbura na watoto sita, nilirudi nikakuta samaki mu jikoni. Samaki hai, wananitazama. Unafikiri nimefanya hii juu ya ubaya? Nimechoka na ile nyumba."

"Na yeye achoke nayo?"

Libérat aliinuka, magoti yakalia.

Firmin alibaki pale. Watu walidhani anawaza, na Generose aliniambia waziwazi kwamba alimwombea anyamaze, kwa sababu alimhurumia. Mtu asiye na mke, asiye na nyumba, mkimnyima mrija mnamwachia nini? Na alikuwa amesema hapana mara nyingi sana katika miaka ile miwili, bila faida yake yoyote. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo moja. Nani angemlaumu? Mvua ingekuja, nyumba ingeanguka, watu wangesema ni mvua.

Mukarusanga hakuwa akimtazama. Aliinamia shingo ya ng'ombe wa mwisho akitafuta kupe kwa vidole, mmoja, mwingine, mwingine. Mama mkwe alikuwa amejilaza kwenye mkeka wa Libérat, fimbo yake ubavuni.

Firmin akainuka, akavuka ua, akafungua kiganja mbele ya mwanamke.

"Mama," akasema, "hii nyumba ilikunywa ziwa."

"Yoo!" Generose akashika kichwa. "Firmin! Uko na pombe ya muntu mu tumbo!"

"Iko."

"Na unasema?"

"Ninasema. Ilikunywa ziwa mpaka hapa." Akajigusa kiunoni. "Juu ni nyumba. Chini ni ugali uliopakwa gudroni. Sakafu ina maji chini yake. Kona ya ziwa haina msingi. Fremu ya nyuma imeoza, na hawa ndio walikuwa ndani yake." Akamimina konokono katika mkono wa Mukarusanga.

Libérat alikuwa amebadilika rangi. "Basi toa pombe yangu!" akapiga kelele. "Toa hapa, mbele ya watu!"

"Kama ingetoka, ningeitoa."

"Nani atakupa mrija tena katika bonde hili? Nani? Sema jina!"

"Hakuna," Firmin akasema. "Ninajua hakuna."

Wanaume wawili walisimama wakaondoka bila kuaga, kama desturi inavyotaka. Generose alibaki, kwa sababu kibuyu kilikuwa chake na alitaka kukichukua kikiisha, na kwa sababu alikuwa Generose.

Mukarusanga aligeuza wale konokono kiganjani. Kwao juu hakuna konokono wa namna hiyo.

"Itasimama mvua ngapi?" akauliza.

"Moja. Labda mbili. Ya tatu, hapana."

"Ikianguka, inaangukia wapi?"

"Upande wa ziwa. Inatoa sauti kwanza, siku nzima au mbili. Aliye ndani anapata muda wa kutoka."

"Na bati?"

"Bati iko muzuri. Vitundu ninaziba."

Akamtazama mama mkwe wake pale kwenye mkeka. Kikongwe alikuwa amefumba macho, hasinzii, amefumba tu, kama mtu aliyefunga mlango wake. Mukarusanga alimwita mara moja, akamwambia kwa lugha yao kwamba labda wataondoka hapa, watafute pengine. Nyirabahizi alisema neno moja. Generose hajui Kinyamulenge sana lakini anasema neno lile lilieleweka hata kwa ng'ombe.

Basi Mukarusanga akasimama mbele ya Libérat, fimbo ikiwa mgongoni, mikono imetundikwa juu yake.

"Baba," akasema, "kinywa changu kimekunywa. Minye sikatai. Pombe ya watu haichezewi."

Libérat akamtazama kwa mashaka. "Ndiyo."

"Na weye umekunywa."

"Nimekunywa. Watu wameona."

"Kwa hiyo weye huwezi kukataa kuuza, na minye siwezi kukataa kununua."

"Ni vile."

"Vizuri. Sasa tuulizane, tumekunywa kitu gani? Tumekunywa nyumba. Nyumba inaanza pale gudroni inapoishia, inakwenda juu. Chini ya gudroni ni ziwa. Ziwa ni la Mungu, weye huwezi kuniuzia." Akamfungua ng'ombe mmoja kwenye kamba, yule mwenye pembe iliyovunjika. "Hii ni ya bati, na milango, na ukuta mweupe. Hizi mbili zilikuwa za ziwa. Ninarudi nazo."

Generose akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akipiga paja, machozi yakimtoka. "Libérat! Libérat wee! Umejifunga na mrija wako! Ulipaka juu sana, ndugu yangu! Ungepaka mpaka goti ungepata mbili!"

"Mbili," Libérat akasema haraka. "Nipe mbili, mama."

"Mbili ni za nyumba kavu."

"Na kiwanja? Ardhi nayo si kitu?"

"Ardhi gani? Fundi alimimina maji, yakaingia chini. Nikichimba kisima, nitakuletea ng'ombe ya pili."

Libérat alizunguka ua mara moja, akarudi. Alimtazama Generose, ambaye angeisimulia habari hii kesho asubuhi sokoni pamoja na ndagala. Alimtazama ng'ombe wa pembe moja. Angekataa, angekuwa naye amevunja pombe yake mwenyewe, na angepewa kikombe chake kama Firmin. Akachukua kamba. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na usingizi usoni.

"Ni muzuri wa maziwa?" akauliza.

"Ni muzuri. Umutoe bondeni upesi."

Akaenda naye, kanzu yake ya kizambarau ikipeperuka kidogo, na hakurudi kulala Songo tena.

Ng'ombe wawili waliobaki Mukarusanga aliwapeleka Luvungi wiki ileile, akawabadilisha na mbuzi, maana mbuzi wa bondeni na kupe wa bondeni wamekwisha kuzoeana. Firmin hakuagizwa kubaki. Lakini mvua ilikuwa imebakiza majuma manne, na yeye alijua vile ukuta ungelia siku ya mwisho, kwa hiyo alibaki. Alikata ukuta upana wa hatua moja, akatoa ule ugali mweusi, akapachika mawe ya mto na tofali la kuchoma, akasubiri likauke, akahamia hatua nyingine. Kazi ya namna hiyo haiharakishwi, ukikata hatua mbili kwa pamoja unaishusha nyumba kichwani. Watu wa mtaa walipita wakimsalimu kwa mbali. Hakuna aliyemkaribisha jioni. Generose peke yake alimletea kasikisi, katika kikombe cha bati, akakiweka ukutani bila kusema neno, akaondoka. Naye akainywa bila kusema neno.

Mpaka mvua ya kwanza ilipoanza alikuwa amemaliza pande mbili tu, ule wa ziwa na ule wa jikoni. Siku hiyo aliacha kazi, akakaa kizingitini akiutazama ukuta mpya unavyopokea maji. Ulikuwa unayapokea vizuri. Hakufurahi, aliniambia, alikuwa amechoka mno kufurahi, ila alibaki pale amekaa.

Nyirabahizi alikuwa amelala ndani kwenye kitanda kilichoelekea mlango na ziwa. Alisema kitu kwa Mukarusanga.

"Anauliza nini?" Firmin akauliza.

"Anauliza kama hauna kwako."

"Muambie ilichomwa."

Mukarusanga akamwambia. Kikongwe akafikiri, akasema maneno mengine, marefu zaidi.

"Sasa anasema nini?"

"Anasema kaa. Lakini sogea upande. Anasema hajawahi kuona maji mengi vile maisha yake yote, na weye umekaa mbele yake."

Firmin akasogea.